Sabu Hana Mifupa

Jumanne, 14 Oktoba 1997

Mgomo wa walimu umekwisha, tumerudi, na kitu cha kwanza nilichokabidhiwa si chaki. Hedimasta, Bwana Nthiga, aliniita ofisini akafunga mlango. Mimi mtu akifunga mlango, miguu huanza kuniuma hata kabla sijajua kosa langu.

Akasema kamati ya wazazi imekaa. Linda wa darasa la saba alivunjika mkono siku ya mwisho kabla ya mgomo, siku ambayo mimi nilikuwa Embu kwa daktari wa meno. Na mkono huo, kwa maneno ya hedimasta, ulivunjwa na katuni.

"Katuni gani, mwalimu?"

"Ile ya Wajapani, ya mapanga. Inaonyeshwa pale kwa Njuki kila jioni. Msichana alipanda juu ya tangi la shule akaruka kama wale watu. Sasa Madam Kathambi, wewe ndiye wa Kiswahili, unajua kuhakiki. Nenda uitazame yote, uandike vile inaharibu watoto. Kamati ikishasoma, tunafunga hiyo vidio."

Nikauliza yote ni kiasi gani. Kaseti saba. Kisha akavuta droo, akanionyesha fomu yangu ya uhamisho, ile niliyojaza mwezi wa tano. Mahali pa sahihi yake ni peupe vilevile. Akairudisha droo polepole ili nione inavyoingia.

Miaka kumi na mmoja niko Kiritiri. Mama yuko Ruiri, macho yanamwisha, na anayemwangalia ni ndugu yangu Kiunga peke yake. Nataka kwenda nyumbani. Sitaki kingine katika dunia hii, hata mshahara wapandishe wasipandishe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeenda kwa Njuki baada ya masomo. Ni mtu wa miaka hamsini hivi. Alikuwa fundi viatu kabla ya kuuza mbuzi wake wote akanunua jenereta na televisheni, na bado anakaa kifundi viatu, magoti juu, kichwa chini, shavu moja limejaa muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa. Ukumbi wake ni mabati matupu na mabenchi ya mbao za masalio. Ukifungwa huo, hana pa kurudi. Viatu siku hizi watu wananunua vya plastiki.

Nilimweleza nilichotumwa. Nisingeweza kumficha, kwa sababu Njuki ni gichiaro wangu. Zamani wazee wa ukoo wetu na wazee wa ukoo wao walikula kiapo pamoja, na tangu hapo mtu wao akikuomba kitu humnyimi, akikuuliza neno humdanganyi. Ukikosea hapo, kwetu hawakugombezi. Wanangoja tu waone ng'ombe gani atatangulia kufa. Mwezi wa nane, kisima kilipokauka, Njuki alinisikia nikitaja ukoo wetu pale posho mili, tukisubiri kusagiwa unga. Akasema, "Kumbe sisi ni gichiaro." Kesho yake nilipata mtungi wa maji mlangoni, na kila asubuhi tangu siku hiyo. Sikuuliza zaidi. Mwenye kiu haulizi mtungi umezaliwa wapi.

Nilipomaliza kueleza aliguguna muguka wake kwa muda.

"Dada," akasema, "nikikuomba uandike vizuri, utaandika, si ndiyo? Hauna njia. Basi sitakuomba hivyo. Nakuomba kitu kimoja. Utazame mpaka mwisho, uandike ile kweli."

Ningefurahi angeniomba niandike vizuri. Ingekuwa kazi ndogo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kaseti ya kwanza. Nimekaa benchi la nyuma na kalamu nyekundu, kama mtu anayesahihisha.

Hadithi ni hii. Vijana wawili, Toraji na Saburo (watoto wamewafupisha, ni Tora na Sabu), wanakula kiapo cha damu mbele ya mzee wa mlimani. Watalinda lango fulani ili Malkia wa Moshi asipite. Mmoja anapewa upanga wa moto, mwingine wa upepo. Kaseti imetiwa Kiingereza, na Njuki anasimama kando ya televisheni akifasiri kwa Kimbeere, huku akiongeza chumvi. Malkia wa Moshi anaongea kama mama mkwe wake, na ukumbi mzima unamjua huyo mama.

Makosa ya leo. Kwanza, hakuna anayelima. Jeshi zima linatembea siku arobaini na sijaona sufuria. Pili, mtu hapigi kabla ya kueleza atakavyopiga. Anataja jina la pigo, anasimulia alifundishwa na nani, na adui anangoja kwa adabu. Tatu, Sabu anaruka kutoka juu ya mnara anatua kwa kidole cha mguu, nywele hazijaharibika. Nne, nimemkamata mchoraji. Lile wingu lililopita nyuma ya mlima limepita mara tatu, na kila Tora anapochomoa upanga ni picha ileile, mkono uleule, kung'aa kulekule. Ni kama mwanafunzi anayeandika insha ndefu kwa kurudia aya.

Nne kwa kumi. Nimerudi nyumbani mgongo umekufa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu. Mvua imeanza, na si ile yetu ya kubembelezwa. Wamepanda kunde upesi upesi.

Jumatano, 22 Oktoba

Barua ya Kiunga. Mama ameteleza kwenye zizi akaumia nyonga. Na yeye Kiunga, kazi yake inampeleka Moyale kuanzia Januari, hana la kufanya. "Dada, hiyo fomu imefika wapi?" Nimesoma hapo mara nne.

Nimemjibu kwamba hedimasta atatia sahihi muhula ukiisha. Nikamweleza kazi ya katuni ili mama acheke, nikaongeza kwamba ninakunywa maji ya gichiaro wetu wa huku, amwambie mama sijatupwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kaseti ya pili na nusu ya tatu. Bado wanapigana vita vilevile nilivyoviacha Jumatano. Siku tatu za mtu mzima nimetazama dakika moja ya ugomvi. Tora anakodoa macho, Sabu anakodoa macho, upepo unapita, jani linaanguka, kaseti inakwisha.

Lakini kinachonikera zaidi ni kile kiapo chao. Wanaimba udugu kila dakika, na hawaombani kitu hata kimoja. Sijamsikia Sabu akimwomba Tora maji. Kiapo chao kinasema tu hawatapigana. Hicho si udugu, ni ua baina ya mashamba mawili. Mimi ningewaambia waanze na mtungi.

Tatu kwa kumi. Mvua inaingia kwa Njuki pembe ya kushoto, tumesogeza mabenchi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimesahihisha insha za darasa la saba, "Siku Nisiyoisahau". Watoto thelathini na wanane, mapanga ishirini na moja. Mmoja ameandika kwamba alimkata fisi kwa Pigo la Ngurumo. Hedimasta angefurahi kuiona hiyo. Lakini nikiwa mkweli, ni mara ya kwanza darasa hilo limejaza kurasa mbili bila kuchapwa. Nimeiandika hiyo pia kwenye daftari la ripoti, halafu nikakaa naitazama na kuichukia.

Linda ameandika kwa mkono wa kushoto, mistari mitatu. "Siku nisiyoisahau ni siku nilipovunjika. Nilivunjwa na katuni. Mwisho."

Alhamisi, 30 Oktoba

Nilimwita Linda chini ya baraza wenzake walipoenda kuchota maji. Ni msichana mrefu, mwepesi, plasta yake imeandikwa majina ya rafiki zake wote.

"Linda, ulipanda tangi kufanya nini?"

"Nilivunjwa na katuni, Madam."

"Hiyo nimeisoma. Nauliza ulipanda kufanya nini."

Akatazama ofisi, akanitazama mimi. Nikamwambia sina kiboko na sina haraka. Nimechoka tu, na mtu aliyechoka ni msikilizaji mzuri.

"Nilitumwa," akasema. "Hedimasta alisema mimi ni mwepesi. Nitoe majani kwenye ule mfereji wa mabati ili mvua ikija tangi lijae."

"Halafu?"

"Nilipomaliza, ngazi haikuwepo. Ilikuwa imebebwa kwake nyumbani, kugongelea mabati."

"Hukuita?"

"Niliita, Madam. Lakini kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imelia. Nikakaa hapo juu. Jua lilikuwa kali na mabati yalikuwa yananichoma. Basi nikaruka."

Ningeishia hapo. Nilikuwa nimeshapata hedimasta mzima kwenye kiganja. Lakini Njuki aliomba kweli, na kweli haikatwi kama ugali, uchukue kipande unachopenda.

"Uliruka vipi, Linda?"

Akatazama tangi.

"Kama Sabu. Nilinyoosha mikono, nikalitaja lile jina la upepo."

"Ulidhani utapaa?"

"Hapana, Madam. Mimi si mtoto. Nilidhani nikilitaja sitaogopa sana."

Jumapili, 2 Novemba

Baada ya kanisa nimepita kwa Njuki nikamwambia yote. Tangi, ngazi, jua. Nilitamani kukomea ngazi. Akaniuliza mwenyewe.

"Na kuruka? Aliruka tu, ama aliruka vile wanasema?"

"Aliruka kama Sabu. Alitaja jina la upepo."

Akaacha kuguguna. Akatema muguka kwenye kiganja, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya kabla ya jua kutua.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Ni ngazi, Njuki."

"Ni ngazi na ni mimi. Ningewaambia hawa watoto kitu kabla ya kuwasha. Niliona wanacheka tu." Akafuta kiganja kwenye suruali. "Iandike hivyo hivyo, dada. Usinipunguzie."

Watu kama hawa wanachosha kuliko wezi.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Watu sasa wanaiita El Nino kama mtu anayewadai heshima. Gari la Embu halikufika, daraja la chini limefunikwa. Kunde zimeoza, mbuzi wanakohoa. Njuki bado ananiletea mtungi ingawa maji yamejaa kila shimo. Anasema ya mashimo yanaumiza tumbo.

Jumatatu, 10 Novemba

Hedimasta tena, mlango tena.

"Nasikia unamhoji Linda."

"Ni sehemu ya uhakiki, mwalimu."

"Uhakiki ni wa katuni. Watoto husema mengi. Ngazi, sijui nini. Hayo hayana mahali kwenye ripoti." Akaitoa fomu, akaiweka mezani, akaweka kalamu juu yake. "Kamati inakaa Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Ukisoma yako vizuri, mimi natia sahihi siku hiyo hiyo. Mama yako mzee anaendeleaje?"

Nikasema anaendelea. Sikujua kwamba anajua habari za mama. Kisha nikakumbuka ni mimi niliyeiandika kwenye fomu, pale pa sababu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Ninajiambia ukweli hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Isingekuwa gichiaro, ningeandika anavyotaka. Ningeandika leo, nikalala usingizi. Kiapo ndicho kilichonishika, si wema.

Ijumaa, 14 Novemba

Kaseti ya sita. Nilienda kwa sababu ya kazi tu, miguu imelowa, sijui kwa nini sijaugua.

Katikati ya kaseti kuna sehemu moja isiyo na vita. Tora na Sabu wamefika kijiji cha mama mmoja mjane, mvua inanyesha, na mpunga wake haujapandwa. Wanaweka panga chini ya mti. Wanaingia kwenye matope wakiwa wameinama, wanapanda, mche mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayetaja jina la pigo lolote. Sabu anateleza anakaa chini kwenye tope. Tora anampa mkono. Ni hivyo tu.

Mvua yetu ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu hata Njuki akaacha kufasiri, maana hakuna aliyesikia. Watoto sitini walikaa kimya wakitazama watu wanalima. Mtoto mmoja mbele yangu alikuwa anahesabu miche kwa kidole. Mimi nilimwona mama kwenye shamba letu la Ruiri mwaka ule nilipoingia chuo cha ualimu, ameinama vile vile kwenye viazi, gunia kichwani kuzuia mvua. Nililia. Hakuna aliyeniona kwa sababu wote tulikuwa tumelowa.

Nane kwa kumi. Nimekataa kujidanganya kwamba ni tatu.

Jumatatu, 17 Novemba

Kaseti ya saba imefika. Mpwa wa Njuki aliipokea kutoka Nairobi, akaivusha mto ikiwa kwenye mfuko wa nailoni kichwani, maji kifuani. Watoto walimshangilia kuliko mtahiniwa aliyefaulu.

Mwisho wenyewe sasa. Malkia wa Moshi amewagombanisha kwa kaseti tatu, lakini hawawezi kupigana kwa sababu ya kiapo. Wako juu ya lango, panga mkononi, macho hayo. Ndipo yule mzee wa mlimani anatokea, anafia hapo, na kabla ya kukata roho anatoboa siri. Hakukuwa na damu kwenye bakuli siku ile. Alitia maji ya matunda mekundu, kwa kuwa aliwaonea huruma. Hawakula kiapo chochote. Kabla mzee hajafumba macho, Tora anageuka anampiga Sabu upanga wa kifua.

Watoto wengine walilia. Njuki alizima televisheni akakaa chini.

Nilirudi na hasira nikaandika bila kuvua viatu. Nanakili hapa nilivyoiweka kwenye ripoti: "Mwisho huu ni mbaya, na ubaya wake si damu. Kama ni kiapo tu kilichokuwa kimeushika mkono wa Tora, basi hakuwa ndugu hata siku moja, na mwandishi ametudanganya kaseti sita. Mtu aliyepanda mpunga na mwenzake kwenye mvua, ukimwambia kiapo kilikuwa uongo, angecheka, akamwambia twende nyumbani. Tora huyu hastahili ile sehemu ya mpunga. Mbili kwa kumi."

Nilijisikia vizuri sana. Muda mrefu sijaandika kitu chenye makali namna hiyo.

Jumatano, 19 Novemba

Barua ya Kiunga imefika leo, imelowa mpaka wino umetoka maua. Mama anakwenda kwa fimbo. Moyale haibadiliki, anaondoka tarehe tano Januari. Halafu chini kabisa: "Mama amecheka sana kuhusu katuni. Lakini anasema umekosea jambo moja. Hao wa Kiritiri si gichiaro wetu. Wazee wetu walipokula kile kiapo, hao walikuwa wameshahama miaka mingi, wakashuka huko chini kwenye joto. Hawakukaa kwenye duara, hawakula ile nyama ya kiapo. Gichiaro wetu ni wale waliobaki. Anasema maji unywe, hayana ubaya, lakini usijifunge bure."

Usijifunge bure.

Nimekaa na hiyo barua tangu saa nane. Nilifikiri nitaona haya au nitacheka. Nilichofanya ni kusimama, nikachukua karatasi safi, nikaanza ripoti nyingine. Mkono ulijua njia. "Uchunguzi umeonyesha kwamba mwanafunzi alipanda tangi kwa kuiga mhusika." Sentensi nzuri, imenyooka. Hapakuwa na ngazi ndani yake. Januari ningekuwa Ruiri, nimewasha moto, nimempa mama uji wa wimbi mkononi ashike mwenyewe. Njuki angekosa ukumbi, lakini Njuki ni nani kwangu? Mtu wa sokoni. Hatujakula kitu pamoja, hata wazee wetu hawajakula. Niliandika nusu ukurasa.

Kisha nilitaka kunakili makosa ya katuni kutoka ripoti ya kwanza, nikafungua pale pa Jumatatu. Nikajikuta nasoma mwandiko wangu mwenyewe. Kama ni kiapo tu kilichokuwa kimeushika mkono wa Tora.

Nimechoka. Nimechoka na watu wanyofu, nimechoka na Wajapani, nimechoka na kalamu yangu. Siku mbili zilizopita nilimpa yule kijana mbili kwa kumi nikajiona hodari, na leo nimegeuka upesi kumshinda. Yeye angalau alimngoja mzee afikie mwisho wa sentensi.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimechana ile nusu ukurasa. Sina la kuongeza.

Ijumaa, 21 Novemba

Kamati ilikaa darasa la nane, mvua juu ya mabati, kwa hivyo nilisoma kwa sauti ya kuita ng'ombe. Walikuwepo wazazi tisa, hedimasta mbele, Njuki kwenye kiti karibu na mlango, kofia magotini. Mama yake Linda, Ednah, anayeuza ndengu sokoni, alikaa mbele kabisa.

Nilisoma yote. Wingu lililopita mara tatu. Adui anayengoja kwa adabu. Wazee walicheka, hedimasta akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilisoma insha za kurasa mbili, akaacha kutikisa. Nilisoma mpunga. Kisha nikasoma hivi: "Sabu huruka kutoka mnarani asivunjike kwa sababu hana mifupa. Ni wino. Linda ana mifupa, na hakuna aliyemkumbusha. Mwenye vidio angeweza kumkumbusha, hakufanya hivyo, na amekiri. Lakini Linda hakupanda tangi kwa sababu ya Sabu. Alitumwa na shule kutoa majani, na alipomaliza, ngazi ilikuwa imeondolewa. Aliruka kama Sabu kwa kuwa hakuachiwa njia ya kushuka kama Linda."

Nilikaa chini.

Ednah hakupandisha sauti. "Mwalimu Nthiga," akasema, "ngazi ilikuwa wapi?"

Hedimasta akasema ripoti hii ni insha, si ripoti. Ednah akauliza tena vile vile, kama mtu anayepima ndengu, ngazi ilikuwa wapi. Mzee mmoja nyuma akasema yeye aliiona, ilikuwa imeegemezwa nyumba ya hedimasta wiki nzima ya mgomo. Baada ya hapo kila mtu alitazama dirisha.

Waliamua hivi. Vidio isionyeshe wanafunzi mpaka Januari. Shule ilipe hospitali. Hakuna mtoto atakayepanda tangi tena. Njuki alisimama akasema amekubali, akamwomba Ednah msamaha mbele ya watu wote. Hedimasta hakumwomba mtu kitu.

Wengine walipotoka, niliingia ofisini kuacha nakala. Aliipokea, akavuta droo, akaiweka juu ya fomu yangu, akaisukuma droo kwa goti.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimemwandikia Kiunga kwamba Januari sitakuja. Nimemwomba amtafutie mama msichana wa kukaa naye, mtu mpole, anayejua kuchemsha uji wa wimbi usishike chini. Niliandika "nitajaza fomu nyingine" mara mbili kwenye barua moja. Nimelia kama mtoto mdogo, halafu nikaenda kununua stempu.

Jumapili, 23 Novemba

Lilibaki jambo moja. Nimemkuta Njuki mlangoni kwa ukumbi, ana makaa mkononi, anaandika kwenye mabati herufi kubwa: SABU HANA MIFUPA. WEWE UNAYO. Alisema watoto wakirudi Januari watasoma hiyo kwanza, mmoja mmoja, kwa sauti, ndipo awashe jenereta. Nikamwambia akome kidogo aketi.

"Njuki, mama ameniandikia. Sisi si gichiaro. Wazee wenu walikuwa wameshahama. Hawakula."

Akakaa na lile kaa mkononi.

"Ana hakika?"

"Mama hakosei mambo hayo."

"Ulijua lini?"

"Jumatano."

Akahesabu siku, nilimwona akihesabu. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Akanitazama, akatazama barabara. Mvua ilikuwa imekatika kidogo na kuku walikuwa wametoka.

"Kwa hivyo ile mitungi," akasema, "ningeweza kukunyima."

"Ungeninyima?"

Sikutaka anijibu kwa adabu, na hakunijibu hivyo. Alifikiri sawasawa.

"Ule wa kwanza, ndiyo," akasema. "Kisima kilikuwa kimekauka, na mimi sikukujua. Ningekunyima."

"Na hiyo mingine?"

"Mingine sikuwa nafikiria tena. Nilikuwa naleta tu."

Akarudi kwenye mabati yake kumalizia herufi. Nikamwambia Y yake imelala. Akaniambia kama haijamtosha mwalimu, kalamu nyekundu ninayo.

Jumatatu, 24 Novemba

Imenyesha tangu alfajiri. Kila sufuria niliyo nayo imejaa, beseni limejaa, hata vikombe nimeweka chini ya mabati yanayovuja. Nimefungua mlango niende shule nikakuta mtungi pale pale pa siku zote, umefungwa vizuri kwa nailoni.

Nimeuingiza ndani.